Jackal, Pilgrim au le Carré: uanze na riwaya ipi ya kuzuia ugaidi?

Juzi binamu yangu alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya meza ya vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Mkononi alikuwa na riwaya tatu za kijasusi, mfukoni hela ya moja. "Kaka, zote hizi nyuma zimesifiwa utadhani sifa kaziandika mtu mmoja. Nichukue ipi?" Jua lilikuwa kali, muuzaji anangoja, nikamjibu haraka haraka. Jibu lile lilikuwa nusu tu, na limekuwa likinisumbua tangu siku hiyo. Hapa nalimalizia, kwa ajili yake na kwa ajili ya yeyote aliyekwama kwenye meza kama ile.

Riwaya zenyewe ni The Day of the Jackal ya Frederick Forsyth, iliyotoka mwaka 1971. A Most Wanted Man ya John le Carré, ya mwaka 2008. Na I Am Pilgrim ya Terry Hayes, ya mwaka 2013. Kwa juu juu zote zinasimulia jambo moja: kuna watu wanapanga kuua, na kuna wengine wanataka kuwawahi kabla siku haijafika. Ukizifungua, ni vitabu vitatu visivyofanana hata kidogo. Mwisho wa kila kimoja nitauacha humo humo kitabuni.

Vipimo vyangu

Nimezipima kwa mambo manne. La kwanza ni taharuki: kitu gani kinakufanya ufunue ukurasa mwingine wakati umeme umekatika na simu unayomulikia imebakiwa na chaji kiduchu. La pili ni kazi yenyewe ya kuzuia, inafanywa na nani na kwa njia gani. La tatu ni yule anayepanga njama, kama mwandishi amemfanya mtu au amemfanya dude. La nne ni lugha na unene wa kitabu, maana wengi wetu Kiingereza tunakisoma kwa sababu ya kazi, na raha ya kukisoma inatafutwa baadaye.

Kipimo cha tatu ndicho kinachonigusa zaidi, na sababu yake naisema mapema. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa darasani. Tulisikia watu wazima wakinong'onezana nje, kisha tukaambiwa twende nyumbani. Siku ile balozi za Marekani zilipolipuliwa, walikufa watu 213 Nairobi na 11 hapa Dar es Salaam, na maelfu walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo vya madirisha waliyoyasogelea baada ya kusikia kishindo cha kwanza. Kwa hiyo sisi hatuzisomi riwaya hizi kama watu wa mbali. Mwandishi anapoandika neno "mlipuko" na kupita, msomaji wa Moi Avenue au wa Oysterbay hapiti naye.

Tena tuna mizani yetu ya nyumbani. Aliyekua na Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, au na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, anajua jasusi wa kwetu alivyo: amevaa akapendeza, ana mkono mwepesi, na adui zake ni wale wasiotaka Afrika iwe huru. Hadithi zile hazikuota hewani. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa hapa hapa mjini na bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilicholetwa kwa posta. Ndiyo maana hapa na pale nitamwita Gamba aje kusaidia kupima.

Taharuki inatoka wapi

Jackal inafanya jambo ambalo lingepaswa kushindikana. Anayewindwa humo ni Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa, mwaka ni 1963, na kila mtu anajua kwamba de Gaulle alifia nyumbani kwake Novemba 1970. Mwisho unaujua kabla hujafungua jalada, na bado mkono unatoka jasho. Forsyth alikuwa mwandishi wa Reuters mjini Paris miaka ile, wakati waandishi wa habari walikuwa wakimfuata de Gaulle kila aendako kwa sababu walitarajia kwamba siku moja atapigwa risasi. Shirika la OAS, la Wafaransa waliopinga uhuru wa Algeria kwa silaha, lilikuwepo kweli. Tarehe 22 Agosti 1962 watu wake walilimiminia risasi gari la rais pale Petit-Clamart, wakamkosa. Kiongozi wa shambulio lile, Jean-Marie Bastien-Thiry, alipigwa risasi na kikosi cha jeshi tarehe 11 Machi 1963, na riwaya inaanza alfajiri ile ya kuuawa kwake. Kuanzia hapo Forsyth anabuni: wakubwa wa OAS waliobaki wanamkodi Mwingereza asiyejulikana na polisi wa nchi yoyote, kwa dola 500,000, nusu mkononi kabla ya kazi. Yeye mwenyewe anajichagulia jina la siri, Jackal, yaani Mbweha.

Taharuki yake inajengwa kwa vitu vidogo. Kuna sehemu Mbweha anaingia msituni Ardennes na bunduki mpya aliyotengenezewa na fundi wa Brussels. Amenunua tikiti lenye ukubwa wa kichwa cha mtu. Analining'iniza kwenye mti, anarudi nyuma akihesabu hatua, anapiga, anakwenda kuangalia tundu liko wapi, anarekebisha skrubu ya darubini kwa bisibisi ndogo, anapiga tena. Hakuna anayefukuzwa, hakuna anayepiga kelele. Kisha anaweka risasi ya aina nyingine, ile ya siku yenyewe, na tikiti halipo tena. Nilisoma ukurasa ule mara ya kwanza nikiwa kwenye daladala la Mbagala, na nakumbuka nilipitiliza kituo.

Pilgrim inakutia hofu kwa ukubwa wa hatari. Inaanza katika chumba cha hoteli ya bei rahisi New York: mwanamke amelala katika bafu la tindikali, uso haupo, meno hayapo, alama za vidole hazipo. Msimulizi anaona kwamba muuaji amefuata hatua kwa hatua kitabu kuhusu upelelezi ambacho msimulizi huyo huyo alikiandika kwa jina la uongo baada ya kustaafu ujasusi. Hapo hapo, kwa uzi mwingine kabisa, kuna daktari anayeitwa Saracen, na daktari huyo anataka kurudisha ndui duniani.

Hapa msomaji wa pwani yetu ana sababu ya kusoma polepole. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Maalin alitumia miaka yake ya baadaye kuwashawishi wazazi wa Somalia wapeleke watoto kwenye chanjo ya polio, na alifariki Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo, mwezi uleule riwaya hii ilipokuwa inatoka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na makovu ya ndui mashavuni. Alikuwa akitushika mikono mmoja mmoja kuhakikisha tuna kovu la chanjo begani, chanjo yoyote ile, yeye hakuzitofautisha. Hayes hakuandika kwa ajili yake, lakini kila Saracen alipofanikiwa hatua moja, mimi nilimwona bibi.

Ya le Carré haina bomu. Kijana aliyekonda, amevaa koti refu jeusi, anatokea mjini Hamburg bila kibali, anamfuata Melik, mwanandondi Mturuki, hadi mlangoni kwao. Jina lake Issa, baba yake Mrusi na mama yake Mchechnya. Leyla, mama yake Melik, anamfungulia, anamlisha, anamlaza. Kuanzia hapo taharuki ni swali moja linalokugeuka tumboni kitabu kizima: huyu mtoto ni hatari, au yuko hatarini? Hamburg ndiko walikoishi Mohamed Atta na wenzake kabla ya kuishambulia Marekani Septemba 11, 2001, na kila ofisi ya usalama ya mji ule ina aibu ya kutowaona. Ofisi yenye aibu haitaki kukosea mara ya pili, na hapo ndipo pa kuogopa. Mwendo wake ni wa taratibu sana. Kurasa mia za kwanza utajiuliza hadithi itaanza lini, na kumbe ilianza mlango ulipofunguliwa.

Kazi ya kuzuia

Hapa Jackal ni darasa. Anayepewa kazi ya kumtafuta Mbweha ni Claude Lebel, kamishna wa polisi mfupi, mpole, anayesemwa na mkewe nyumbani. Hana jina la mtu anayemtafuta, hana picha, na ameamriwa afanye kazi kwa siri kwa sababu rais hataki ijulikane kwamba anaogopa. Lebel anakesha akiwapigia simu wakuu wa makachero wa nchi nyingine mmoja mmoja, anawaomba msaada kama mtu anayeomba kwa ndugu. Kisha anategemea makaratasi: kadi ambazo kila mgeni wa hoteli Ufaransa alitakiwa kujaza, na ambazo polisi walizikusanya na kuzipekua usiku kucha.

Aliyelala gesti yoyote ya Tanzania analijua daftari lile kubwa la mapokezi: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Tunajaza huku tunasinzia, wengine wanaandika uongo wa wazi, na mhudumu hata haangalii. Baada ya kusoma Jackal sijawahi tena kuliona daftari la gesti kama kero. Forsyth anakuonyesha taifa zima likilindwa na karani aliyejaza safu zake vizuri, na linavyotobolewa na afisa mkubwa mmoja asiyejua kufunga mdomo akiwa faraghani. Anaonyesha pia jinsi muuaji anavyojipatia pasipoti kwa kupitia jina la mtoto aliyezikwa zamani, na mianya kama ile katika ofisi za vizazi na vifo ilichukua miaka mingi kuzibwa.

Pilgrim ni kinyume. Humo mtu mmoja anabeba dunia mgongoni. Nyuma yake kuna setilaiti, ndege na fedha za Marekani, lakini akiwa Bodrum, mji wa pwani ya Uturuki, yuko peke yake akitafuta ni nani aliyepokea simu kwenye kibanda cha barabarani. Hapa Gamba angejisikia nyumbani: anaingia mji wa watu, anatumia jina la bandia, anadanganya polisi wa hapo kwa heshima zote. Akili ya kutatua mafumbo ni kubwa na inafurahisha. Kasoro yake, nami naisema kwa sababu kitabu nakipenda, ni kwamba bahati inamwangukia shujaa mara nyingi kuliko haki yake, na baadhi ya mbinu zinanyoosha imani mpaka inataka kukatika. Kuna vioo vya zamani vinavyofanywa vitoe sura ya jambo lililotokea mbele yake. Ukikubali vioo vile, utafurahi hadi mwisho. Ukivikataa, kurasa zilizobaki zitakuwa ndefu.

Le Carré yeye alikuwa ndani ya kazi hii. Alitumikia ujasusi wa Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Hamburg yenyewe katika ubalozi mdogo. Kwa hiyo anachoandika ni ofisi. Günther Bachmann, mkuu wa kikosi kidogo cha Kijerumani, anaamini kwamba mshukiwa hakamatwi, anafugwa: unamwacha aogelee, unamwekea chambo, akupeleke kwa mkubwa wake, na mkubwa akupeleke kwa mkubwa zaidi. Adui wa imani hiyo si magaidi. Ni ofisi jirani inayotaka picha ya mtu aliyefungwa pingu kwenye habari za saa mbili. Aliyewahi kufanya kazi serikalini, au kwenye shirika lolote lenye idara mbili zinazogombea sifa, ataitambua mikutano ile mpaka harufu ya chai yake.

Anayepanga

Mbweha hana jina la kweli, hana mama, hana kijiji. Forsyth amefanya hivyo kwa makusudi, na kitabu kinafaidika, kwa sababu unabaki unamtazama kama unavyomtazama fundi stadi, na unashtuka ukijikuta unamtakia mkono usitetemeke. Hilo ni jambo la kutisha na ni kweli kuhusu sisi wasomaji. Ninacholalamikia ni kwingine. OAS ilizaliwa kwa sababu Algeria ilikuwa inapata uhuru wake, na ikapata mwaka 1962. Hasira yote ya kitabu hiki ni hasira ya watu waliokataa nchi ya Afrika ijitawale, watu walewale ambao Gamba aliwakuta kwenye njia zake kwa majina mengine. Lakini Waalgeria wenyewe humo ni kivuli. Wamekufa nje ya ukurasa. Msomaji wa Kiafrika inambidi awajazie nafasi yao mwenyewe.

Hayes anampa Saracen utoto. Mvulana wa Saudia anaona baba yake akikatwa kichwa hadharani Jeddah kwa maneno aliyoyasema kuhusu ufalme, na kutoka hapo unafuatana naye mwaka hadi mwaka: uhamishoni, vitani Afghanistan, chuo cha udaktari. Kwangu mimi hizo ndizo kurasa bora za kitabu. Tatizo ni kwamba ukishamwelewa, kitabu kinamgeuza chombo cha kubebea kirusi. Watu wengine wa nchi za Kiislamu wanaonekana zaidi kwa jicho la msimulizi, ambaye ana haraka ya kuhukumu. Msomaji Muislamu atakutana na sentensi zitakazomkera, na ni vizuri ajue kabla hajatoa hela. Ajue pia kwamba mateso yanaonyeshwa waziwazi, na kuna mateka wanaojaribiwa ugonjwa ule milimani. Niliruka kurasa mbili. Sikurudi kuzisoma.

Kwa le Carré mambo yanakuwa magumu kwa namna nyingine, maana huna hakika kama mpangaji yupo. Dokta Abdullah ni msomi wa dini anayeheshimika, mtu wa sala, wa familia na wa kukusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa nchi za mbali. Kuna tuhuma kwamba sehemu ndogo ya fedha zile inapotelea njiani na kuwafikia watu wa bunduki. Je, anajua? Kama anajua, mema yote yale mengine yanafutika? Aliyekulia pwani, ambako zaka hutolewa kimya kimya na hakuna anayeomba risiti, hatalisoma swali hili kama fumbo la Wazungu. Novemba 2001 Marekani iliifungia al-Barakaat, kampuni ya kutuma fedha iliyotegemewa na familia nyingi za Wasomali, na watu waliokuwa wakiishi kwa dola hamsini za ndugu aliye ughaibuni waliamka wakakuta njia imezibwa. Walioamua waliamini wanazuia vifo. Walioathirika hawakuwa wamemuua mtu. Le Carré ameshika jambo hilo hilo, ameliweka katika nyumba ya mama wa Kituruki anayesubiri uraia wa Ujerumani, na amemfanya mama huyo aamue kama atampa mgeni bakuli la supu.

Nilisema kipimo hiki ndicho kinachonigusa zaidi, na neno langu la mwisho juu yake ni hili: Jackal inakufundisha jinsi, Pilgrim inakupa sababu kisha inaisahau, le Carré anakunyima uhakika. Kila mtu anajua anachoweza kuvumilia.

Lugha na unene

Hapa sina mengi. Forsyth anaandika Kiingereza cha mwandishi wa habari, sentensi zilizonyooka, tarehe na saa kila mahali. Majina ya Kifaransa ni mengi na vyeo vya idara za polisi vinachanganya mwanzoni, lakini ukifika sura ya tano unazijua. Kurasa ni kama 400. Hayes ni mwandishi wa filamu, alishiriki kuandika Mad Max 2, na sura zake ni fupi, nyingine kurasa mbili tatu, Kiingereza chake ni cha mazungumzo. Ila kitabu ni tofali: matoleo mengi yanapita kurasa 600. Kwenye begi la kazini kitakuchosha bega. Le Carré ana kurasa chache kuliko wote, lakini kila ukurasa una uzito wa mbili. Anaficha maana ndani ya mazungumzo, anamwacha mtu aseme nusu, na usipoangalia utapoteza nani anasema na nani. Kimsome mahali tulivu.

Filamu zipo za Jackal, ya mwaka 1973 iliyoongozwa na Fred Zinnemann, na ya le Carré, ya mwaka 2014, ambamo Philip Seymour Hoffman ni Bachmann. Zote mbili nzuri. Anza na kitabu, hasa cha le Carré, kwa sababu filamu inakupa sura za watu na baada ya hapo huwezi kujiamulia mwenyewe Issa anafananaje.

Uchukue ipi, kwa hali yako

Kama hujawahi kumaliza riwaya ya Kiingereza na unataka ya kwanza ikushike shingo, Pilgrim itakubeba licha ya unene wake, kwa sababu sura ni fupi na kila sura inaisha vibaya. Iweke kwa safari ndefu, basi la Mwanza au zamu ya usiku. Ila kama una mtoto mdogo mgonjwa ndani ya nyumba wakati huu, iache kwanza. Nasema hivi kwa kuwa nilifanya kosa hilo, na usiku mzima nilikuwa naamka kumgusa mwanangu paji la uso.

Kama wewe ni mtu wa kazi za mpangilio, uhasibu, maabara, ufundi umeme, forodha, au uko polisi kwenyewe, Jackal itakupa raha ambayo rafiki zako hawataielewa. Vivyo hivyo kama unaandika au unataka kuandika hadithi za kipelelezi kwa Kiswahili. Chukua kalamu, andika pembeni kila mara Forsyth anapokuficha kitu na kila mara anapokuonyesha kitu ambacho Lebel hakijui. Hakuna semina ya uandishi itakayokupa zaidi ya hapo. Ukiwa shabiki wa Gamba kwa sababu ya mapigano na warembo, jiandae: humo ngumi ni chache.

Kama umewahi kusimamishwa uwanja wa ndege kwa sababu ya jina lako, au una ndugu aliyechukuliwa usiku akarudi baada ya miezi bila maelezo, le Carré ameandika kitabu kinachokujua. Kinawafaa pia mawakili, watu wa mashirika ya haki, na maafisa wa usalama wenye moyo. Kinaleta mjadala mzuri kwenye vikundi vya kusoma, kwa kuwa watu hawatakubaliana. Msomaji anayetaka mhalifu akamatwe na mambo yaishe hatakifurahia, na si kosa lake.

Kama hela ni ya kimoja na mnasoma watu wawili watatu, nunueni Jackal. Ndiyo rahisi kuipata kwenye mitumba, na ndiyo inayosomeka tena mara ya pili bila kupungua.

Imebaki hali moja, ya kumnunulia mtu zawadi. Nina jirani aliyekuwa Nairobi siku ile ya Agosti, ng'ambo ya barabara tu. Mpaka leo mlango ukibamizwa anashika ukingo wa meza. Anapenda kusoma, na nilitaka kumpelekea kimojawapo. Nilimuuliza kwanza, nikamweleza vyote vitatu kama nilivyoeleza hapa. Akachagua cha le Carré. Nikamwambia kwamba mwisho wake ni mchungu, akasema uchungu anaujua, asichotaka ni kishindo. Kiko kwake tangu Ramadhani, na kila tukikutana ananiambia yuko palepale Leyla anapomwekea kijana supu mezani, anarudia kuisoma.